Je, Wajua? Kitenzi cha Herufi Mbili Kisichotulia

Neno lililopewa maelezo marefu kuliko yote katika Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, halikuwa la sayansi, la sheria wala la dini. Lilikuwa "set", neno la herufi tatu ambalo mtoto yeyote wa Kiingereza analijua kabla hajaanza shule. Kama kitenzi lilipewa maana 430, na maelezo yake yalifika maneno kama 60,000, yaani kitabu kizima. Baadaye wahariri wa toleo la tatu wakafika kwenye herufi R, na hapo "run", kukimbia, ikampiku mwenzake: maana 645 za kitenzi peke yake. Mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nayo takriban miezi tisa. Mimba nzima kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani huwa tunaogopa maneno marefu, na hapo tunajisumbua bure. Neno refu la baiolojia lina maana moja. Ukishaikariri, umemalizana nalo. Balaa liko kwenye maneno mafupi, hasa yale ya safari: kuja, kwenda, kukimbia, kupita. Leo tushike moja tu, "go". Kitabu cha shule kinasema ni "kwenda", nukta. Lakini maziwa ya Mwingereza nayo "huenda" yakiharibika, taa zake "huenda" zikizimika, nywele zake "huenda" zikiwa nyeupe, na ng'ombe wake "huenda" moo. Kati ya hao wote hakuna aliyesogea hata hatua moja.

Wakati uliopita wa kuazima

Je, wajua kwamba "went" si mtoto wa "go"? Ni wa kitenzi kingine kabisa, "wend", kilichomaanisha kugeuka, kisha kikawa na maana ya kushika njia. "Wend" ilitoa "went" kama "send" inavyotoa "sent" na "bend" ikatoa "bent". "Go" nayo ilikuwa na wakati uliopita wake, "eode" katika Kiingereza cha kale, ambao haukufanana nayo hata kidogo. Kufikia karne ya 15, kusini mwa Uingereza, "eode" na maumbo yaliyotokana nayo yalikuwa yamekaribia kutoweka, na "went" ikahamia kwa "go" moja kwa moja. "Wend" ikaachwa mikono mitupu. Ikabidi itengenezewe wakati uliopita mpya, "wended", na siku hizi huonekana zaidi kwenye hadithi, msafiri anapojivuta taratibu kurudi kwao. Waskoti hawakutaka kuingia katika mkopo huo. Lugha yao ina "gaed", inayofuata kanuni bila kuomba msaada kwa jirani.

Mtoto mdogo wa Kiingereza husema "goed", na wakubwa humrekebisha. Kwa mantiki, mtoto ndiye aliye sahihi.

Wafaransa wamevuruga zaidi. Kitenzi chao cha kwenda kimeunganishwa kutoka mizizi mitatu: "je vais" ni naenda, "nous allons" ni tunaenda, "j'irai" ni nitaenda, na ukizitazama huwezi kudhani hizo tatu ni ndugu. Wahispania nao, kwa wakati uliopita, waliazima kutoka kitenzi cha kuwa. Kwa hiyo "fui" ni nilikwenda na pia ni nilikuwa, na msikilizaji huamua mwenyewe ni ipi kutokana na maneno yanayozunguka.

Tusicheke sana. Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba amri ya "kuja" ni "njoo", halafu umtazame usoni. Amri ya "kwenda" ni "nenda", na hiyo N ya mwanzo haina kazi mahali pengine popote katika kitenzi hicho. Wakenya wengi wameamua kuitupa, wanasema "enda" tu na maisha yanasonga. Kisha kuna kituko kingine ambacho sisi wenyewe hatukioni kwa sababu tumekizoea. Unaweza kusema "nitakwenda" au "nitaenda", zote zinakubalika. Lakini "niende" haipokei ile "kw" hata ukiilazimisha. Hiyo ni tabia ya vitenzi vya silabi moja, kama kula na kunywa: nitakula, lakini nile. Kwenda hakina silabi moja kwenye shina lake, kina mbili, ila kimeamua kukaa na hao wadogo pale kinapotaka, na kuwaacha pale kinapochoka.

Maziwa, kengele na bomu

Mwandishi akitaka kumtesa mwanafunzi wa Kiingereza, ampe "go off" tu. Kengele ya saa iki-"go off", imelia: imeanza kazi. Taa iki-"go off", imezimika: imeacha kazi. Bomu limelipuka. Maziwa yamechacha. Baba ame-"go off" asubuhi, maana yake ameondoka nyumbani. Na mtu akisema ame-"go off" samaki, hakwenda nao popote. Hawapendi tena kama zamani.

Chukua usiku mmoja katika nyumba ya London. Umeme unakatika, taa zote zina-"go off". King'ora cha wezi, kwa kuwa kina betri yake na kimeshtushwa na kukatika kwa umeme, nacho kina-"go off". Mwenye nyumba akisimulia kesho yake atatumia kitenzi kilekile mara mbili katika sentensi moja, cha kwanza kikiwa na maana ya kunyamaza na cha pili maana ya kupiga kelele, na wasikilizaji wake hawatapepesa macho.

Ufunguo uko kwenye kile kijineno cha nyuma. "Off" ni kuachana na kitu: taa imeachana na umeme, bomu limeachana na utulivu wake, maziwa yameachana na uzima, mtu ameachana na hamu yake. "Go" yenyewe inasema tu kwamba hali ya jana si ya leo. Ndiyo maana unaweza kuipachika kila mahali, na ndiyo maana wanakamusi wanapata tabu nayo.

Kiswahili hakina utaratibu huo wa kubandika vijineno pembeni. Kazi ileile tunaifanya mkiani mwa kitenzi. Enda, endea, endeka, endesha, endelea, endeleza: barabara ya mvua haiendeki, dereva anaendesha, mkutano unaendelea, kijana anaendeleza kazi ya marehemu baba yake. Kisha zikaja nomino: mwendo, mwenendo, mwendeshaji, maendeleo. Waziri anayehutubia kuhusu maendeleo, kijana wa bodaboda, mwalimu anayeandika kwenye ripoti kwamba mwenendo wa mwanafunzi si mzuri, na abiria wa Dar es Salaam anayesubiri mwendokasi kituoni, wote wamekula kwenye sahani moja ya "enda". Mzungu anayekutana na "yaliendelezwa" kwa mara ya kwanza hupata homa ileile tunayoipata sisi kwa "go off". Tofauti ni kwamba homa yetu huja vipandevipande na yake huja kwa mkupuo.

Ndege iliyokuja na ndege iliyokwenda

Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1974 mtaalamu wa isimu Eve Clark alichapisha katika jarida la *Language* makala kuhusu "come" na "go" pale ambapo hazizungumzii safari yoyote. Alionyesha kwamba Waingereza, bila kufundishwa na mtu, hugawana kazi baina ya vitenzi hivyo viwili. Kitu kikirudi kwenye hali yake ya kawaida, au kwenye hali ambayo msemaji anaipenda, hutumia kitenzi cha kuja. Kikitoka nje ya kawaida, hutumia cha kwenda.

Mfano wake wa ndege unatosha kumaliza ubishi. Ukisikia kwamba ndege "came down" karibu na ziwa, unaelewa imeshuka, pengine hata rubani yuko salama anakunywa chai. Ukisikia "went down" mahali palepale, unawaza ajali. Kushuka ni kulekule, ziwa ni lilelile. Kilichobadilika ni kitenzi cha safari. Vivyo hivyo mgonjwa aliyezimia hu-"go" kwenye usingizi wa mauti na hu-"come" anapozinduka. Ndoto hu-"come" kuwa kweli. Lakini mtu hu-"go" wazimu, hu-"go" kipofu, hu-"go" kiziwi, hu-"go" kipara, kampuni yake iki-"go" muflisi na nyama kwenye jokofu lake iki-"go" kuoza. Haiwezekani kwa Kiingereza mtu "ku-go" timamu wala "ku-go" mzima. Ukisema hivyo watakutazama kana kwamba una-"go" wazimu kweli.

Kanuni hii ina matobo. Mambo yanaweza ku-"go" vizuri, na mshono unaweza ku-"come" kufumuka. Lugha haijaapa kiapo kwa mtu. Hata hivyo mwelekeo upo wazi: kawaida ni nyumbani, msemaji amekaa barazani pake, na kila kibaya ni kitu kilichotoka kikaenda.

Sasa tujiangalie. Mtu aliyepoteza akili Kiswahili kinamwita nani? Mwendawazimu. Neno tumelizoea mno hata hatulioni limeundwa na nini: mwenda, na wazimu. Ni "go mad" tupu, na hatukuipata kwa Mwingereza. Mambo yakiharibika yanakwenda kombo, yanakwenda mvange, yanakwenda mrama. Mrama ni ya mabaharia, chombo kinapoyumba ubavu kwa ubavu. Tiara ikikatika uzi inakwenda arijojo, na biashara isiyo na msimamizi nayo inakwenda arijojo vilevile. Kwa upande wa pili, aliyezimia fahamu zinamrudia, na aliyekuwa mkorofi akitubu tunasema amejirudi. Amejirudi! Kana kwamba muda wote ule alikuwa safarini, mbali na yeye mwenyewe. Ukikusanya misemo hii ya pwani na ya bara, unaona Clark angepata sura nyingine ya makala yake huku bila kutoka jasho.

Kwa miguu au kwa chombo?

Mwingereza na Mswahili wote wawili wana uhuru ambao Mrusi hana. Ukisema "naenda Tanga", hakuna anayejua kama ni kwa basi, kwa baiskeli au kwa miguu mpaka uongeze neno. Mrusi lazima achague tangu mwanzo: kuna kitenzi cha kwenda kwa miguu na kingine cha kwenda kwa kuchukuliwa na chombo. Mjerumani naye hutofautisha hivyo kwa kiasi kikubwa.

Tarehe 12 Aprili 1961, roketi ilipoanza kunguruma Baikonur, mwanaanga Yuri Gagarin alitamka neno moja ambalo Warusi wote wanalijua hadi leo: "Poyekhali!" Kwa kawaida hufasiriwa "twende!" Ni kitenzi cha chombo, kama mtu anayepanda gari na wenzake kwenda mjini. Na kwa umbo ni wakati uliopita: neno kwa neno ni kama "tumeshaondoka!" Sisi tunayo tabia hiyo pia. Dereva anapotia gia huku abiria wa mwisho bado ana mguu mmoja nje, utamsikia kondakta: "Haya, tumeondoka!"

Neno lililoachwa lilipofika mwezini

Wamarekani, katika mbio zilezile za anga, waliigeuza "go" kuwa kivumishi. Katika chumba cha uongozaji wa safari kule Houston, mkuu wa zamu aliwauliza wataalamu wake mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kazi yake: injini, mawasiliano, afya ya wanaanga, njia ya kupita. Majibu yaliyokubalika yalikuwa mawili, "go" au "no go". Hakukuwa na "pengine" wala "subiri kidogo niangalie".

Tarehe 20 Julai 1969 mkuu wa zamu alikuwa Gene Kranz. Chombo kiitwacho Eagle kilikuwa kinashuka kwenye uso wa mwezi kikiwa na Neil Armstrong na Buzz Aldrin, na ghafla kompyuta yake ikatoa onyo: 1202. Maana yake ni kwamba kompyuta ilikuwa imeelemewa, kazi zimezidi uwezo wake. Mhusika wa uongozaji, Steve Bales, alikuwa na umri wa miaka 26 na sekunde chache za kuamua kama safari iendelee au ikatishwe. Nyuma yake, katika chumba cha wasaidizi, Jack Garman mwenye miaka 24 alikuwa ameandika orodha ya maonyo ya namna hiyo na yapi yanavumilika. Alimwambia Bales kwamba lisiporudiarudia bila kukoma, hakuna neno. Bales akajibu kwa mkuu wake: "go". Baadaye kidogo likaja onyo jingine, 1201, la aina ileile. "Go" tena. Eagle ikatua.

Na hapo neno likafika mwisho wa kazi yake. Mara tu baada ya kutua, Houston ilibidi iamue kama chombo ni kizima kiasi cha kubaki mwezini, au wanaanga warushwe juu papo hapo kabla hakijaharibika zaidi. Sasa fikiria swali hilo liulizwe kwa mtindo wa kawaida: go? Mmoja angesikia "kila kitu kiko sawa, endeleeni". Mwingine angesikia "ondokeni". Jibu moja, herufi mbili, na maana mbili ambazo kati yake kuna uhai wa watu wawili. Kwa hiyo kwa hatua hiyo walibadili maneno mapema: badala ya "go" na "no go", wakatumia "stay" na "no stay", kubaki au kutobaki. Wahandisi waliokokotoa njia ya kwenda mwezini walikiona kitenzi hiki kuwa hatari kutumika huko, nami sioni kama kuna kamusi iliyowahi kukieleza vizuri zaidi ya uamuzi huo.

Safari isiyo na safari

"I am going to eat" hapo kale ilikuwa sentensi ya mtu aliyekwisha kuinuka: anakwenda mahali ili akale. Katika karne ya 15 na kuendelea miguu ikaanza kutoweka ndani yake, ikabaki nia peke yake. Leo mtu aliyelala kitandani anaweza kusema "I am going to" lala zaidi. Ushahidi kwamba hivi sasa ni vitu viwili tofauti uko kwenye kifupisho cha mitaani, "gonna". Unaweza kusema "I'm gonna eat", lakini hakuna anayesema "I'm gonna Mombasa". Pale penye safari ya kweli, kifupisho kinakataa.

Wafaransa na Wahispania nao walifanya hivyohivyo, kitenzi cha kwenda kikawa alama ya wakati ujao. Kiswahili kilipita njia nyingine. Wanaisimu wengi wanaeleza kwamba "-ta-" ya "nitakula" ni mabaki ya "-taka": nataka kula, nitakula. Kiingereza kina njia hiyo pia, maana "will" asili yake ni kutaka.

Lakini sikiliza redio za Tanzania. "Tunakwenda kusikiliza taarifa ya habari," anasema mtangazaji, na hajanyanyuka kitini. "Wanakwenda kukutana Jumamosi," anasema mchambuzi wa mpira kuhusu timu mbili za mji mmoja. Viongozi majukwaani "wanakwenda kujenga" madarasa, "wanakwenda kumaliza" kero ya maji. Wapo wanaokunja uso na kusema hiki ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Huenda ni hivyo. Ila lugha nyingi duniani zimefika palepale bila kufundishwa na Mwingereza, na mimi siyo mwepesi wa kumshitaki mtangazaji kwa jambo ambalo Mhispania alilifanya karne nyingi zilizopita.

Msomaji makini amekwisha kuona nimetumia "huenda" hapo juu bila kwenda popote. Ndiyo: neno letu la mashaka ni "go" yenye alama ya mazoea. Kitu ambacho huenda, hufika au kisifike; basi likawa "labda". "Endapo" nayo ni hiyohiyo, imekuwa "iwapo". Methali ya wahenga imeitumia "enda" ya miguu na ile ya mashaka kwa pumzi moja: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Wa kwanza anatembea, wa pili anakisia.

Ameenda, au alishawahi?

Swali hili limewaangusha watahiniwa wengi wa Afrika Mashariki. "Juma has gone to Arusha" maana yake Juma hayupo. Ukimtaka, mfuate huko. "Juma has been to Arusha" maana yake alifika, akarudi, na sasa anaweza kuwa amekaa mbele yako anakusimulia baridi ya kule. Mwingereza amechukua kitenzi cha kuwa na kukifanya safari ya kwenda na kurudi, jambo linalomkaribia Mhispania na "fui" yake.

Kiswahili kinasema "Juma amekwenda Arusha" na kuacha mlango wazi kidogo, ingawa wengi wetu tutaelewa hajarudi. Tukitaka uzoefu tunaongeza: alishawahi kufika Arusha. Ndiyo maana mtu husimama Mwanza, mzima wa afya, akaandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba "I have gone to Dodoma" mara kadhaa. Msomaji Mwingereza hubaki akijiuliza barua hiyo imeandikwa na nani, ikiwa mwandishi bado yuko Dodoma.

Mengine ya haraka

"Ago", neno la kusema siku tatu zilizopita, lina "go" tumboni. Ni kifupi cha umbo la zamani lililomaanisha kupita na kutoweka.

"Gang", iwe ya vibarua au ya majambazi, nayo inatokana na kitenzi cha kale cha kwenda. Walikuwa ni watu wanaokwenda pamoja. Mwenendo wao haukuhusika.

Mkahawani Marekani utaulizwa kama chakula chako ni cha kula hapo au ni "to go". Uingereza wana neno lao jingine, na muuza chipsi wa Dar es Salaam atakuuliza tu kama akufungie. Mmarekani huyohuyo akimuuliza mtoto wake katikati ya safari kama anahitaji "to go", hazungumzii chakula. Tunaelewana: sisi tunakwenda haja, tunakwenda msalani, nao wameacha hata kutaja mahali penyewe.

Msemo wa Kiingereza wa kwamba jambo fulani "goes without saying" umefasiriwa neno kwa neno kutoka Kifaransa, ambako mambo "huenda bila kusemwa". Wafaransa ndio hao hao ambao salamu yao ya kila siku, "ça va?", ni "inakwenda?"

"Go-cart" haikuanza kama gari dogo la mashindano. Katika karne ya 17 ilikuwa kifaa cha kumsaidia mtoto mchanga kujifunza kutembea.

Katika mchezo wa Monopoly, uliotolewa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, kila anayepita kwenye kisanduku cha GO hulipwa 200. Ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo mtu hulipwa kwa kurudi alikoanzia.

Kompyuta za mwanzo ziliambiwa zirukie mstari mwingine wa programu kwa amri "go to". Mwaka 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika barua fupi kwenye jarida la wanakompyuta akidai amri hiyo inafanya programu zisifuatike, mtu asijue ametokea wapi. Kichwa maarufu cha barua hiyo, kinachosema "go to" ina madhara, hakukiweka yeye. Alikiweka mhariri, Niklaus Wirth. Kelele zilikuwa nyingi, lakini lugha nyingi za kompyuta zilizofuata ziliitumia kwa kubana au hazikuipa nafasi kabisa. Google nao, mwaka 2009, wakatangaza lugha mpya ya programu wakaiita Go, jina fupi mno hata kulitafuta mtandaoni kukawa shida. Waandaaji wa programu wakaishia kuandika Golang.

Na ule mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe uitwao Go, ambao Machi 2016 kule Seoul programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol kwa michezo minne kwa mmoja, hauna uhusiano wowote na kitenzi hiki. Jina limetoka kwenye "igo" ya Kijapani. Wakorea huuita baduk, na Wachina, wenye mchezo wao, weiqi.